Mazoezi mepesi ya kunyoosha mgongo unaouma nyumbani: uulize mgongo wako kwanza

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 17 nikikalia stuli mbele ya cherehani cha kukanyaga. Nimeamua kuandika uzi huu kwa sababu karibu kila wiki mtu huingia hapa akilalamikia kiuno, naye hupewa na wachangiaji wenye nia njema orodha ndefu ya mazoezi, bila hata mmoja wao kumuuliza swali ambalo kwangu lilibadili kila kitu: je, maumivu yako huzidi unapoinama na kukaa, au huzidi unaposimama na kutembea? Zoezi linalomnusuru dereva laweza kumwongezea mateso mzee wa miaka 70, na la mzee likamwumiza dereva, ingawa wote wawili husema "kiuno kinaniuma" kwa maneno yale yale.

Mimi si daktari. Ninayoyaandika nilifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, nikayafanya kwa mwili wangu, na baadaye nikayasoma kwa bidii kwa sababu nilitaka kuelewa kwa nini yalinisaidia.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari 2022, msimu wa sare za shule, ambao kila fundi anaujua: vitambaa vya kaki na vya bluu vimejaa hadi mlangoni, na wazazi wanapiga simu tangu alfajiri. Mkasi wangu ulianguka nyuma ya kikanyagio. Sikuinuka, niliinama nikiwa nimekaa vile vile, nikajipinda upande wa kulia ili niufikie, na nilipougusa nikahisi kiunoni kama kitambaa kibichi kinakamuliwa. Sikuweza kurudi juu. Msaidizi wangu alinishika kwapani akaniinua polepole, kama mtu anavyoinua gunia lililopasuka, na kabla ya jioni maumivu yalikuwa yameshuka kupitia tako la kulia na nyuma ya paja hadi kwenye kigimbi.

Nilifanya yale ambayo karibu kila mtu hushauriwa. Nililala kitandani siku nne, na siku ya tano nikawa mgumu kuliko siku ya kwanza. Nilikandwa na mtu anayesifiwa mtaani kwetu, ambaye alinikunja magoti hadi kifuani huku akiniegemea kwa uzito wake wote, na usiku ule mguu uliwaka moto hadi vidoleni. Nilipigwa picha ya eksirei katika hospitali moja, nikaambiwa pingili zimeanza kusagika, bila maelezo zaidi. Nilikuwa na miaka 38, nina watoto wawili wanaosoma, na nilitoka pale nikiamini kuwa kazi yangu imekwisha.

Nataka nikae kidogo kwenye mambo hayo mawili, kitanda na picha, kwa sababu najua wengi wenu mmeyapitia. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watumishi 186 wa Jiji la Helsinki, nchini Ufini, walioshikwa na maumivu ya kiuno ya ghafla: wengine waliambiwa walale siku mbili, wengine wakapewa mazoezi ya mgongo, na wengine wakaambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi zaidi ni hao wa mwisho, na waliochelewa zaidi ni waliolala. Kuhusu picha, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na yakaonyesha kuwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 tayari walikuwa na diski, yaani visahani laini vilivyo kati ya pingili, zilizoanza kuchakaa, na kwa wenye miaka 80 idadi hiyo ilifika asilimia 96. Picha ya mgongo huonyesha umri kama mvi zinavyoonyesha umri. Mtu akikuambia "pingili zimesagika", muulize kwa heshima jambo hilo linahusiana vipi na maumivu unayoyasikia leo.

Mtaalamu niliyempata baadaye alikuwa kijana mpole, na kwa dakika kumi za mwanzo hakunigusa. Aliniuliza nafanya kazi gani, nakaa saa ngapi, naamka vipi. Kisha akaniomba niiname mbele mara tano, akauliza, "Mama, maumivu yamefika wapi sasa?" Yalikuwa kwenye kigimbi. Akanilaza kifudifudi juu ya kitanda, akaniambia nitulie, halafu nijiinue niegemee viwiko kama mtu anayesoma gazeti sakafuni. Baada ya dakika chache akauliza tena swali lile lile. Kigimbi kilikuwa kimeacha kuuma. Maumivu yalikuwa yamerudi juu kwenye tako, na kiuno chenyewe kiliuma zaidi kidogo kuliko mwanzo. Mimi niliogopa, yeye alitabasamu, akasema hiyo ndiyo dalili aliyokuwa akiitafuta.

Nilikuja kusoma kuwa njia hii ina historia yake. Mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand, mtaalamu wa fiziotherapia aitwaye Robin McKenzie alimwacha mgonjwa ajilaze mwenyewe wakati yeye akiendelea na kazi nyingine, na mgonjwa yule akalala kifudifudi juu ya kitanda ambacho upande wa kichwa ulikuwa umeachwa umeinuliwa, hivi kwamba mgongo wake ulipinda kwenda nyuma. Wataalamu wa wakati ule wangeuona mkao huo kuwa wa hatari. McKenzie aliporudi alikuta maumivu ya mguu yametoweka, na kutokana na hapo akajenga utaratibu mzima wa kumpima mgonjwa kwa kumjongeza huku na huku na kutazama maumivu yanakoelekea. Maumivu yakitoka mguuni na kurudi karibu na uti wa mgongo, mwelekeo huo ni mzuri, hata kama kiuno kitauma zaidi kwa muda. Yakishuka kuelekea mguuni, mwelekeo huo si wako, hata kama kiuno kimepata nafuu.

Jipimeni hivyo kabla ya kuiga video yoyote.

Sasa niseme kidogo kuhusu saa ya kufanya, kwa sababu hapa ndipo wanawake wenzangu wengi tunapoumia. Sehemu ya kiuno ina pingili tano, na kati ya pingili na pingili kuna diski, kisahani laini chenye maji mengi. Usiku tukiwa tumelala, diski hunyonya maji na kuvimba, ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kuliko alivyolala, kwa kadiri ya sentimita moja hivi, kisha urefu huo hupungua mchana. Diski iliyojaa maji huwa ngumu kukunjika, na mtu akiinama mbele katika saa ya kwanza baada ya kuamka huilemea zaidi kuliko akiinama mchana. Fikirini sasa maisha yetu: mwanamke anaamka saa kumi na moja alfajiri, na jambo la kwanza analoshika ni fagio la chelewa lisilo na mpini, anafagia uwanja mzima akiwa amejikunja, halafu anainua ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za maji, kutoka chini. Mimi nilifunga fagio langu kwenye mti wa urefu wa kifua, nikahamisha kufagia hadi baada ya chai. Sikufanya zoezi lolote lililonisaidia upesi kama hilo. Mazoezi ya kukunja mgongo nayo, yasifanywe mara tu unapoamka.

Nitaeleza mazoezi yenyewe kama ninavyoyafanya, juu ya mkeka.

Kwa wale ambao, kama mimi, huumia wakiinama na wakikaa: lala kifudifudi, mikono pembeni, kichwa kimegeuzwa upande mmoja, utulie dakika mbili au tatu. Wakati mwingine hilo peke yake linatosha kwa siku za mwanzo. Kisha egemea viwiko, viwiko vikiwa chini ya mabega, uache kiuno kilegee kabisa. Kosa la kawaida ni kukaza makalio, na ukiyakaza mgongo haupindi. Tulia tena dakika mbili au tatu. Siku zikienda, weka viganja sakafuni kama mtu anayetaka kupiga pushapu, ujiinue kwa nguvu za mikono tu, nyonga zikibaki kwenye mkeka, ukifika juu utoe pumzi yote kisha ushuke. Mara kumi. Mimi niliagizwa nirudie kila baada ya saa mbili hivi mchana kutwa, nikashangaa, nikidhani zoezi ni la asubuhi na jioni. Lakini mgongo uliokunjwa saa nane kwa siku hauwezi kuridhishwa na dakika tano. Ukiwa kazini ambapo huwezi kulala chini, simama, weka viganja kiunoni, vidole vikielekea chini, ujipinde kwenda nyuma polepole mara tano hadi kumi ukitazama mbele. Nafanya hivyo kila ninapomaliza kushona suruali moja, na wateja wameshazoea.

Kwa wale wanaoumia wakisimama au wakitembea, na kupata nafuu wakikaa: lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo zikiwa kwenye mkeka. Vuta goti moja kuelekea kifuani kwa mikono miwili, ukishika nyuma ya paja wala si juu ya goti, utulie kwa sekunde 20, urudishe, kisha jingine, na baadaye yote mawili pamoja. Vuta hadi pale unapohisi mvutano unaovumilika, usivute hadi maumivu. Mkao wa pili mnaujua: kaa juu ya visigino kisha ujinyooshe mbele kama anayesujudu, mikono ikiwa mbali mbele, paji la uso likigusa mkeka au mto. Asiyeweza kupiga magoti akae kwenye kiti, ajikunje polepole hadi mikono ining'inie karibu na vifundo vya miguu.

Yapo mengine ambayo hufaa karibu pande zote mbili, nami nayapitia kwa ufupi. Kaa kwa mikono na magoti kama mtoto anayetambaa, uinue mgongo juu kama paka aliyeshtuka, kisha uushushe, ukifuata pumzi, bila kushikilia popote. Ukiwa umelala chali na magoti yamekunjwa, yaangushe pamoja upande wa kulia, kisha wa kushoto, mabega yakibaki chini. Kwa misuli ya makalio, weka kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la mwingine, kisha vuta paja la chini kuelekea kwako. Kwa nyuma ya paja, lala chali, zungusha kanga kwenye unyayo, unyooshe mguu kwenda juu ukiuvuta kwa kanga hiyo, sekunde 30.

Kabla sijawaachia nafasi, naomba jambo hili lisomwe na kila mtu. Usifanye zoezi lolote kati ya haya, nenda hospitali siku hiyo hiyo, iwapo sehemu za siri na mapaja ya ndani yamekufa ganzi, iwapo haja ndogo imekataa kutoka au inatoka bila wewe kujua, au miguu yote miwili inaishiwa nguvu. Nenda pia bila kuchelewa iwapo maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda, iwapo una homa, unatokwa jasho usiku au unakonda bila sababu, au umewahi kutibiwa saratani. Katika nchi zetu kifua kikuu huweza kukaa kwenye pingili za mgongo bila mtu kukohoa hata kidogo, na wenzetu wafugaji hupata bruselosi kutokana na maziwa yasiyochemshwa, ambayo nayo huleta homa na maumivu ya kiuno. Hayo hayanyooshwi kwa mkeka.

MCHANGIAJI, DEREVA WA LORI:

Dada fundi, nakushukuru kwa uzi huu. Ninaendesha lori la masafa marefu, na kiuno changu hukaza baada ya saa tatu za usukani. Nimenunua mkanda wa kiuno kwa bei kubwa, nao unanisaidia kwa siku za mwanzo tu. Je, niendelee kuuvaa? Na ni wapi nitalala kifudifudi nikiwa barabarani?

MWANZISHA UZI:

Kaka yangu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi na elimu, na haupendekezi mikanda hiyo kama tiba ya kawaida. Siwezi kukuambia uitupe, lakini usiitegemee. Kila unaposimama kupima matairi au kunywa chai, shuka, ujipinde nyuma mara kumi ukiwa umeshikilia kiuno, kisha tembea kulizunguka lori mara mbili kabla ya kupanda tena. Kunja taulo ndogo, uliweke nyuma ya kiuno unapoendesha. Na tafadhali, ukifika, usishushe mzigo papo hapo. Mgongo uliokaa umekunjwa kwa saa nyingi unahitaji dakika chache za kusimama wima kabla ya kubebeshwa kitu.

MCHANGIAJI, MTAALAMU WA FIZIOTHERAPIA:

Mwanzisha uzi ameeleza vizuri, nami naongeza marekebisho mawili. La kwanza, zoezi la kanga lisifanywe kwa kushikilia sekunde 30 na mtu ambaye maumivu yake yanashuka mguuni kama umeme au moto, kwa sababu hapo kinachovutwa ni mshipa wa fahamu uliokasirika, na mshipa huo haupendi kuvutwa na kushikiliwa; mtu huyo aunyooshe na kuukunja mguu polepole bila kukaa juu, au aliache kabisa kwa wiki za mwanzo. La pili, si kila mgongo una mwelekeo unaoupenda. Wapo wengi ambao hawaoni tofauti wakijikunja mbele wala nyuma, na kwao ninachoagiza ni kutembea kila siku, na kuongeza muda kidogo kidogo.

MWANZISHA UZI:

Nashukuru sana, na wasomaji wafuate marekebisho hayo badala ya maneno yangu ya mwanzo. Sasa naelewa kwa nini wiki ya pili mguu wangu ulikuwa ukiwaka kila nilipomaliza zoezi la kanga.

MCHANGIAJI, MAMA WA MTOTO WA MIEZI MINNE:

Mimi nilijifungua kwa upasuaji, na ninambeba mwanangu mgongoni kwa kitenge nikipika. Kiuno kinauma zaidi ninapoinama kumwogesha kwenye beseni. Kulala kifudifudi naogopa.

MWANZISHA UZI:

Mdogo wangu, hongera kwa mtoto. Kuhusu kidonda cha upasuaji waulize wahudumu wa kliniki unayompeleka mtoto, kisha ndipo ulale kifudifudi ukiweka mto mwembamba chini ya tumbo. Kwa sasa anza na zoezi la paka na la kuangusha magoti. Lakini adui yako ni beseni lililo sakafuni. Liweke juu ya meza imara inayofika kiunoni, umwogeshe ukiwa umesimama, au ukae kwenye kigoda na magoti yakiwa wazi ili usijikunje. Jaribu kwa siku saba uone.

MCHANGIAJI, MZEE WA MIAKA 71:

Binti yangu, nimesoma yote. Nilijaribu kulala kifudifudi kama ulivyoandika kwanza, miguu yote miwili ikafa ganzi, nikaacha. Mimi nikitembea kama mita mia mbili, miguu huwa mizito na hulazimika kuegemea ukuta au kukaa. Ajabu ni kwamba baiskeli naendesha hadi shambani bila taabu.

MWANZISHA UZI:

Shikamoo baba. Umefanya vyema kuacha. Unayoyaeleza, kuchoka ukitembea na kupata nafuu ukijikunja mbele, ndiyo hali ya wale ambao njia ya mishipa ya fahamu kiunoni imekuwa nyembamba kwa umri. Ukiwa juu ya baiskeli umeinama, njia hupanuka kidogo. Fanya ya goti kifuani, na lile la kujikunja ukiwa kwenye kiti, mara tatu au nne kwa siku. Ukitembea, kaa kabla miguu haijawa mizito, kisha endelea.

MCHANGIAJI, MTAALAMU WA FIZIOTHERAPIA:

Baba, nakubaliana na ushauri huo, ila naomba daktari akupime pia mapigo ya damu miguuni na sukari, kwa kuwa mishipa ya damu iliyoziba huweza kuleta uzito unaofanana na huo. Baiskeli endelea nayo.

MCHANGIAJI, MZEE WA MIAKA 71:

Nimerudi baada ya wiki tano. Daktari amenipima, mapigo ya miguu ni mazuri, sukari haiko juu. Ninafanya ya goti nikiwa kitandani baada ya adhuhuri, na ya kiti jioni. Zamani nilikuwa nikipumzika mara tatu kutoka nyumbani hadi msikitini. Jana nilipumzika mara moja, kwenye kibaraza cha duka la kona. Je, niongeze mazoezi?

MWANZISHA UZI:

Alhamdulillah, baba. Mazoezi yabaki hayo hayo na kwa idadi hiyo hiyo. Unachoweza kuongeza ni mwendo: wiki hii pita kibaraza kwa hatua ishirini kabla ya kukaa, wiki ijayo arobaini, na siku ambayo miguu itakataa, kaa palepale kibarazani bila kujilaumu.